Jinsi ya Kuambisha Vitenzi vya Kawaida vya Kiingereza Katika Nyakati Zake

Anayeanza kujifunza Kiingereza kwa kawaida hupewa jedwali la nyakati 12 na kuambiwa alikariri. Jedwali hilo si kosa, ila linamfanya aamini kwamba kitenzi hubadilika mara 12, ilhali kitenzi cha kawaida kina maumbo 4 tu: "work", "works", "worked" na "working". Mengine yote hubebwa na vitenzi visaidizi, yaani "do", "be", "have" na "will". Kwa hiyo yashike kwanza maumbo hayo manne, kisha ujue kila kisaidizi hufuatwa na umbo gani.

Kiswahili hukusanya nafsi, wakati na ukanushi ndani ya neno moja, kama katika "hatukupika", ambapo Kiingereza huhitaji maneno manne: "we did not cook". Kutokana na mazoea hayo, wanafunzi wetu wengi huandika "My brother he works", wakitafuta mahali pa kuiweka ile "a-" ya "anafanya". Kiima kikishatajwa kwa jina, kiwakilishi hakihitajiki tena.

Katika wakati uliopo wa mazoea, umbo la msingi hutumika kwa nafsi zote isipokuwa nafsi ya tatu umoja, ambayo huongezewa "s" mwishoni: "I work", "they work", lakini "she works". Kitenzi kinachoishia kwa "sh", "ch", "ss" au "x" hupokea "es", kama "finishes" na "watches". Na "y" inayotanguliwa na konsonanti hugeuka kuwa "ies", kama "studies", ingawa "plays" hubaki ilivyo kwa sababu "y" yake imetanguliwa na irabu.

Ugumu wenyewe hauko kwenye tahajia, bali kwenye kiambishi chetu "-na-", ambacho hubeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenganisha. Ukisema "Juma anafanya kazi bandarini", msikilizaji hajui kama unataja ajira yake au unaeleza kilichomshughulisha saa hii. Kiingereza hakikuruhusu kuliacha jambo hilo wazi: ajira ni "Juma works at the port", na shughuli ya sasa ni "Juma is working at the port". Kabla ya kuandika, jiulize kama "hufanya" ingeweza kukaa mahali pa "anafanya". Ikikaa vizuri, tumia umbo lisilo na "ing". Aidha, vitenzi vya hali, kama "want", "need", "like" na "believe", kwa kawaida havipokei "ing", hivyo "ninahitaji maji" ni "I need water", wala si "I am needing water".

Wakati uliopita huongeza "ed" kwa nafsi zote bila ubaguzi. Kitenzi kinachoishia kwa "e" huongezewa "d" pekee, "love" ikawa "loved". "Study" huwa "studied". Na kitenzi cha silabi moja chenye irabu moja na konsonanti moja mwishoni hurudufisha konsonanti hiyo, "stop" ikawa "stopped", isipokuwa konsonanti hiyo ikiwa "w", "x" au "y", kama "fixed". Kwa silabi mbili hutazamwa mkazo: "prefer" hutoa "preferred", lakini "visit" hutoa "visited". Waingereza huandika "travelled" na Wamarekani "traveled". Chagua mtindo mmoja usiuache katikati ya insha. Katika matamshi, "ed" huwa silabi kamili baada ya sauti za "t" na "d" tu, kama "wanted" na "needed". "Worked" ni silabi moja inayoishia kwa sauti ya "t", na "played" huishia kwa "d". Tuliozoea kumalizia neno kwa irabu hatuna budi kujizuia tusiongeze "i" pale mwishoni.

Katika kukanusha na kuuliza, alama ya wakati huwekwa mara moja tu, kwenye kitenzi cha kwanza. "Did" ikishabeba wakati uliopita, kitenzi kikuu hurudi kwenye umbo la msingi: "She did not work", "Did she work?". Vivyo hivyo "does" huichukua ile "s", hivyo "Does he works?" ni kosa.

Hali timilifu hufanana na "-me-" yetu, lakini kwa kiasi. "Nimemaliza" ni "I have finished", ila ukitaja "jana" lazima useme "I finished yesterday", hata kama mtaani husemwa "nimemaliza jana". Kinyume chake, "anaishi Mombasa tangu 2015" hutaka hali timilifu: "She has lived in Mombasa since 2015". Tena "-me-" huweza kueleza hali iliyopo: "ameoa", kwa maana ya kuwa ana mke, ni "he is married".

Nyakati zilizobaki hujengwa kwa mpangilio mmoja. Baada ya "will" huja umbo la msingi. Baada ya "have" huja umbo la "ed", au "been" ikiwa "be" inafuata. Na baada ya "be" huja umbo la "ing". Aliyeajiriwa Desemba 2020 ataelezwa hivi: "By December 2030 she will have been working here for 10 years". Ukirudi nyuma badala ya kwenda mbele, "had" huchukua nafasi ya "will have".

Kwa mazoezi, chukua "cook" na uiandike katika nyakati zote, kila sentensi ikiwa na kanushi na swali lake. Ukifika kwenye vitenzi visivyo vya kawaida kama "go", utabadilisha tu mahali pa "ed", yaani "went" kwa wakati uliopita na "gone" baada ya "have". Visaidizi na mpangilio wake havibadiliki.