Simbilisi akigoma kula usisubiri kesho

"Mama, Kidoti hajaja." Mwanangu alisema hivyo tu, asubuhi ya mwezi wa saba hapa Uyole, Mbeya, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, mi nahangaika na jiko la mkaa. Kwangu ukigusa tu kiroba cha majani simbilisi (guinea pig) wote wanapiga kelele wiii wiii wanakimbilia mlango wa banda wanapandiana, sasa siku hiyo wakaja wawili, Kidoti kabaki kona amejikunyata, manyoya yamesimama, macho nusu yamefumba. Zamani ningesema ah ni baridi, mchana atakula. Lakini nilishazika mmoja kwa hilo neno la "mchana atakula", kwaiyo niliacha mkaa nikaenda kumshika.

Naandika hapa kwa sababu watu wengi huku Nyanda za Juu tumekua na simbilisi jikoni toka tukiwa wadogo na bado tunaamini kwamba wakifa wanakufa ghafla. Huyu mnyama akiumwa anaficha, maana kwa asili yeye ni wa kuwindwa na wanyama wengine, akionyesha udhaifu tu amekwisha, kwaiyo siku unayoona kajikunyata ujue tumbo lilianza kumsumbua jana au juzi.

Kwanza elewa tumbo lake. Ng'ombe anacheua, simbilisi hacheui, kazi kubwa ya kuchachusha majani inafanyika nyuma, kwenye kifuko kikubwa kinachoitwa sikamu pale utumbo mpana unapoanzia, na humo kuna bakteria wazuri ndio wanaomlisha. Ule mtambo unasukumwa na majani mapya yanayoingia muda wote, mchana na usiku. Yakiacha kuingia, yaliyomo yanakauka, gesi inajaa, tumbo linauma, na kwa kuwa linauma hataki kula, na asipokula ndio linazidi kusimama. Alafu hawezi kutapika, kilichoingia lazima kitokee nyuma. Ndio maana masaa 12 bila kula kwa simbilisi sio kitu cha kungojea.

Mi kipimo changu cha kwanza ni kinyesi. Usione kinyaa. Kinyesi kizuri kina umbo la harage jembamba, kahawia iliyokolea, vyote vinalingana, ukikibonyeza kinabonyea kidogo, na kwa siku mmoja anatoa zaidi ya mia. Usiku kabla ya kulala nafagia kona moja naweka maranda mapya (huku maranda sio shida, ya Mafinga yamejaa), asubuhi naangalia. Vikiwa vidogo, vikavu, vimechongoka kama tone la maji, au vimeungana kwa nywele kama shanga, tumbo linaenda polepole. Visipokuwepo kabisa, tumbo limesimama. Vikiwa laini vimejipaka matakoni, kuna kitu kimevuruga. Maji maji kabisa na yananuka, hapo huna siku, una masaa tu. Ila ukimwona anainama anachukua kitu matakoni anatafuna, muache, wana kinyesi laini cha aina yake wanakila tena kupata vitamini, ni kawaida kabisa.

Dalili zingine ni kusaga meno, kukaa kama mpira, kukataa hata hoho anayoipenda, kunusa chakula kama anakitaka alafu anageuka. Hiyo ya mwisho, hasa kama kidevu kimelowa mate, inaweza kuwa meno, maana meno yake hayaachi kuota maisha yake yote na yakizidi urefu yanamzuia kutafuna, kwaiyo tumbo linasimama japo chanzo kipo mdomoni.

Sasa ufanye nini. Mpime uzito, mizani ya jikoni inatosha, weka bakuli, weka simbilisi, andika. Mtu mzima ni kama gramu 700 mpaka 1,200. Kidoti wiki ile ilopita alikuwa 860, asubuhi ile 790. Kama unapima kila Jumapili utaona tofauti kabla macho hayajaona, na akipoteza moja ya kumi ya uzito hilo ni jambo kubwa. Alafu gusa tumbo taratibu kwa vidole pande mbili. Likiwa laini kama unga uliokandwa, una nafasi ya kufanya kitu nyumbani wakati unamtafuta daktari. Likiwa gumu limekaza kama ngoma, anapumua kwa shida, usimpe kitu chochote mdomoni, mkimbize, hiyo ni gesi na inaua siku hiyo hiyo.

Mpigie daktari wa mifugo au afisa mifugo wa kata hapo hapo, usingoje jioni. Wa kwetu alivyopokea aliuliza vitu vitatu tu: "Mama, mara ya mwisho kula lini, mara ya mwisho kunya lini, na ana gramu ngapi?" Ukiwa na hayo majibu unamrahisishia sana, maana dawa zote zinapigwa hesabu kwa uzito na mnyama wa gramu 800 ukikosea kidogo umemuua.

Wakati unasubiri mpe joto. Chupa ya maji ya moto, ifunge kwenye taulo, weka upande mmoja wa boksi ili akichoka na joto ahamie upande wa pili. Mwili wa simbilisi ni kama nyuzi 37 mpaka 39, ukimshika masikio na miguu imepoa kama jiwe hali ni mbaya, apate joto kwanza kabla hujawaza uji.

Uji wake sio uji wa sisi. Chukua chakula cha punje (pellets) cha simbilisi au cha sungura (kisichowekwa dawa), saga, loweka na maji ya uvuguvugu mpaka kipite kwenye sirinji ya mililita 1 au 2 isiyo na sindano. Huna punje, saga nyasi kavu nzuri uchekeche uchanganye na majani mabichi yaliyosagwa. Mfunge kwenye kitenge kichwa kikibaki nje, mkalishe mapajani, usimlaze chali hata siku moja. Nyuma ya meno ya mbele kuna pengo, ingiza sirinji kwa pembeni hapo, sukuma nusu mililita, simama, ngoja atafune na ameze, ndio nyingine. Ukijaza mdomo inaingia kwenye mapafu. Mwenye kilo moja nalenga mililita 50 mpaka 80 kwa masaa 24, yani karibu mililita 10 kila baada ya masaa manne, usiku pia, weka alamu. Katikati mpe maji kidogo kidogo. Inachosha kweli, mi nililala jikoni.

Anayeharisha ni tofauti kidogo. Toa mboga zote za maji maji na pumba, bakiza nyasi kavu safi na maji, mpe maji ya ORS kwa sirinji (changanya na maji kama pakiti inavyosema, kama ya mtoto), msafishe matako kwa maji ya uvuguvugu umkaushe vizuri maana baridi ya huku itammaliza, na daktari siku hiyo hiyo. Mtenge na wenzake. Beba kinyesi kibichi kwenye kikopo safi, inaweza kuwa koksidia (vijidudu vya utumbo), inaweza kuwa salmonela (bakteria), na kwa macho huwezi kutofautisha. Walioko Iringa wana kituo cha maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, kwaiyo muulize daktari kama sampuli inaweza kwenda huko. Salmonela inaingia mpaka kwa binadamu, kwaiyo watoto wanawe mikono kwa sabuni, na panya wa kwenye stoo wasifikie chakula cha banda.

Hapa naomba unisome kwa makini. Yule niliyemzika alikuwa anaitwa Kahawia, alikuwa anapiga chafya tu. Nikaenda duka la dawa fulani, nikaeleza, nikauziwa amoksilini ya maji ya watoto, nikaambiwa nimpe matone. Siku ya tatu akaanza kuhara, ya nne akawa amepoa, ya tano asubuhi hakuwepo tena. Zile dawa za jamii ya penisilini, amoksilini, ampisilini, Ampiclox, na pia klindamisini na erithromisini, zinaua wale bakteria wazuri wa kwenye sikamu, wanabaki wabaya wanaotoa sumu. Muuzaji hakujua, na mi sikujua. Kuna antibayotiki wanazozivumilia, daktari anaweza kuandika enrofloksasini au ya salfa, ila aandike yeye na doza yeye. Na maumivu pia, usimpe diklofenaki wala panadol ya kwako.

Chanzo mara nyingi ni chakula. Mwezi wa kumi na moja kuelekea wa kumi na mbili, mvua za kwanza zikishuka, majani mabichi yanachipua na sisi kwa furaha tunawamwagia kiroba kizima baada ya miezi ya nyasi kavu, kesho yake wanahara. Badilisha kidogo kidogo kwa siku saba mpaka kumi. Kabichi inajaza gesi, kipande kidogo tu au acha kabisa. Majani ya viazi mviringo, viazi vilivyoota kijani, majani ya nyanya, vitunguu, punje za maharage zisizopikwa, na parachichi (majani yake ndio usiguse, na kwa wa Rungwe na Njombe najua yamejaa uani) hivyo vyote ni sumu kwao. Ugali, mkate na biskuti wanazopewa na watoto zinachachuka tumboni. Pumba yenye harufu ya ukungu mwaga. Usikate nyasi pembeni ya shamba la viazi au bustani ya nyanya kama za Ilula, zile zinapigwa dawa karibu kila wiki. Nyasi kavu zisikose kamwe, na kila siku ale kitu chenye vitamini C, kipande cha hoho au majani ya sukuma wiki, maana mwili wake, kama wetu sisi, hauitengenezi, na ikipungua anaacha kula na anahara vilevile.

Mwenye dume mzee amwangalie matakoni kila wiki, misuli ya pale ikilegea kinyesi laini kinaganda humo na anaanza kukonda. Kilainishe kwa maji ya uvuguvugu na mafuta kidogo ya kula, kitoe taratibu.

Kwa Kidoti tulikuja kugundua ni kiroba. Majani yalikatwa Igawilo jioni, yakafungwa yakalala hivyo, asubuhi ukiingiza mkono katikati unasikia joto, yameshaanza kuchachuka. Sasa hivi yakifika tu nayamwaga yatandazwe, hata iwe saa nne usiku. Daktari alimchoma sindano ya maumivu na maji chini ya ngozi, uji nikaendelea nao, na usiku wa saa tatu nikaona vinyesi vitatu kwenye kitenge, vidogo kama ufuta, nikamwamsha mwanangu aje aone. Kesho yake alitafuna nyasi mwenyewe, ila uji sikuacha, nilimpa siku nne zaidi nikipunguza, mpaka mizani iliposoma 850.