Kitabu cha picha kwa mtoto aliyefiwa

Kaka yangu alipofariki, wifi alikaa eda, miezi minne na siku kumi, nami nikawa ndiye wa kumvusha binti yao wa miaka minne kwenda chekechea upande wa kisiwani. Kila asubuhi pale feri ya Likoni, Mombasa, aliwatazama abiria wanaoshuka, mmoja mmoja. Siku ya tatu ndipo nikaelewa: alikuwa ameambiwa baba amesafiri.

Nikaanza kutafuta vitabu.

Kitabu kisome kwanza peke yako. Ukikuta marehemu "amelala" au "amesafiri", kiweke kando. Mtoto wa umri huu hulichukua neno lilivyo. Mwambie kifo ni usingizi, halafu usishangae akigoma kulala. Tafuta chenye picha kubwa, maneno machache, na kinachosema "amekufa". Anayekufa akiwa kuku au ndege, si neno. Tovuti ya African Storybook ina hadithi za picha za bure, zikiwemo za Kiswahili, ila kuchagua ni kazi yako.

Usingoje usiku. Sisi tulikaa mkekani uani baada ya alasiri. Kurasa afunue yeye. Akiganda kwenye picha moja, ganda naye. Swali la "unasikitika?" halina jibu kwa mtoto, muulize huyu ndege anafanya nini, na majonzi yake atampa ndege. Akiinuka katikati akaenda kucheza, mwache. Huzuni ya watoto huja vipande vipande.

Akiuliza, jibu fupi: "Baba amekufa. Hapumui, hali, hasikii maumivu. Harudi." Hata asipouliza, mwambie pia si kwa sababu ya jambo alilofanya yeye, maana watoto wadogo hudhani utundu wao ndio ulioleta msiba. Kesho atauliza lile lile. Mjibu kwa maneno yale yale. Jirani mmoja aliniambia nina roho ngumu. Labda. Lakini nilipotangulia kusema baba yuko kwa Mungu, mtoto aliniuliza kama huko kuna feri. Tangu hapo neno hilo hulisema baada ya "amekufa", si badala yake.

(Akiendelea kukataa kula au kulala, kitabu hakitoshi. Mpeleke kwa daktari au mshauri.)

Kilichotufaa kuliko vyote tulikitengeneza wenyewe: daftari la shule, gundi, kalamu za rangi, na picha tatu nilizochapisha saiba, duka la intaneti. Baba anakula mahamri na mbaazi. Baba anamfunga viatu. Baba anaumwa. Wanaume wamebeba jeneza. Kisha nikachora champali za babake (viatu vya wazi) mlangoni, nyeusi, nikakemewa: "Shangazi, zilikuwa buluu!" Akazipaka mwenyewe, akakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Usikifiche kitabu. Chetu kiko chini ya meza ya televisheni, anapofikia mkono. Hupita wiki mbili hakigusi, kisha unamwona anakuja nacho, anapanda mapajani kwa mamake na kumsomea yeye. Wakifika kwenye champali, humshika mamake kidole akakiingiza kwenye tundu.