Jinsi ya kuchora batlikruza yako ya mwaka 1909 (na kwanini ghala la baruti halichezewi)

Wadau wengi ninaowaona hapa Mtwara wakichora manowari wanaanza na mizinga, wanaijaza omo (mbele) mpaka shetri (nyuma), afu ndo wanakumbuka kwamba meli inatakiwa ielee. Mi nakushauri kabla hujashika penseli jibu kwanza, hii meli inamkimbiza nani na inamkimbia nani? Ukishajibu hapo nusu ya kazi imeisha.

Batlikruza, yani meli ya kivita yenye mizinga ya manowari kuu ila bamba jembamba na mbio zaidi, ilizaliwa Uingereza enzi za Admirali Fisher, mkuu wa jeshi lao la majini. Ya kwanza, HMS Invincible, ilikuwa na mizinga 8 ya inchi 12, yani sawa na ya manowari kuu, ila bamba la ubavuni (chuma cha kuzuia makombora) lilikuwa inchi 6 tu na mbio noti 25 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa). Kazi yake ni kuwinda kruza (meli za kivita ndogo kuliko manowari kuu) na kumkimbia yeyote mkubwa zaidi. Tarehe 8 Desemba 1914 kwenye visiwa vya Falkland, yeye na mwenzake Inflexible waliwazamisha kruza za Wajerumani, Scharnhorst na Gneisenau, na hiyo ndo ilikuwa kazi yake hasa.

Sisi wa kusini habari za kruza kuwindwa tunazo nyumbani. Kruza Königsberg ya Wajerumani ilipojificha kwenye delta ya Rufiji mwaka 1914, Waingereza waliitafuta weee, mpaka mwezi wa kumi HMS Chatham ikaja hapo Lindi, wakakuta meli ndogo inaitwa Präsident imefichwa mto Lukuledi na ndani yake karatasi zinazoonyesha makaa yalikuwa yanapelekwa Rufiji. Makaa ndo yaliyomuumbua. Kwahiyo kwenye mchoro wako makaa usiyaweke mwishoni kama kitu cha ziada.

Haya tuanze. Chukua urefu mita 195, upana 27, kina cha kuzama mita 8.3. Zidisha vyote, afu zidisha na 0.56 kwa sababu meli sio boksi, imechongoka mbele na nyuma, mwisho zidisha na 1.025 ambao ni uzito kwa tani wa mita moja ya ujazo ya maji ya bahari. Unapata kama tani 25,000. Hiyo ndo bajeti yako na haiongezeki hata ukilia. Mi huwa naigawa hivi, bodi lenyewe asilimia 35, mabamba 28, mashine 19, mizinga na makombora 13, makaa na mengineyo 5. Kwa tani ni 8,750, 7,000, 4,750, 3,250 na 1,250.

Sasa mbio. Hapa ndo watu wanapotea kwa sababu wanadhani noti moja zaidi ni kitu kidogo. Nguvu inapanda kwa mbio mara mbio mara mbio, kwahiyo kwa meli yetu noti 25 zinataka kama nguvu farasi 53,000, noti 26 zinataka 60,000, 27 zinataka 67,000 na 28 zinataka 75,000. Nimepiga hesabu kwa kipimo nilichokipata kwenye Invincible yenyewe (nguvu farasi 41,000 kwa noti 25) na HMS Lion, batlikruza nyingine ya Waingereza (70,000 kwa noti 27), zote mbili zinakubaliana vizuri sana. Kila noti unayoongeza inakudai maboila (mitungi ya kuchemshia maji yawe mvuke) zaidi, na Lion ilikuwa na maboila 42, hebu fikiria urefu wa vyumba vyake! Mi nilisimama kwenye 26.

Makaa, sehemu ya asilimia 5 ni ya safari ya kawaida tu, ila acha nafasi ya kubeba mpaka tani 3,000 ukitaka kwenda mbali. Ukitaka kuipata picha, angalia yale malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kuja bandarini kwetu, hesabu malori 100 ya tani 30, yote yaingie tumboni mwa meli moja na watu wayasogeze kwa makoleo mpaka kwenye boila. Yapange mbavuni nyuma ya bamba, yanasaidia kupunguza nguvu ya kombora.

Bamba lenyewe hesabu yake ni rahisi na naomba uifanye kwa mkono wako. Mkanda (yani bamba linalopita ubavuni) wa urefu mita 100, kimo mita 4, unene milimita 150, pande mbili, chuma tani 7.85 kwa mita ya ujazo, unapata tani 942. Ukiufanya milimita 250 kama wa Von der Tann, batlikruza ya Wajerumani, inakuwa tani 1,570. Yani tofauti ni tani 628 tu kwenye meli ya tani 25,000, chini ya uzito wa tareti mbili (tareti ni kile kibanda cha chuma kinachozunguka na mizinga). Mi nilipoiona namba hiyo niliacha kabisa kuchora mkanda wa inchi 6.

Tareti weka 4 za mizinga miwili miwili, kila moja ikadirie tani 500. Mbili omo na mbili shetri, ya ndani iinuliwe ipige juu ya mwenzake. Usizipange ubavuni kwa mshazari kama Invincible, zikipiga kukatiza sitaha zinaumiza meli yako mwenyewe. Ila usizipandishe juu mno. Aliyepanda kivuko cha Msangamkuu siku ya watu wengi anajua chombo kinavyolala abiria wakihamia upande mmoja, na uzito wa juu unafanya hivyohivyo, sema huo hauwezi kuuambia urudi kukaa. Na mlingoti wa mwangalizi uwe mbele ya dohani (bomba la moshi). Lion iliuweka nyuma ya dohani la kwanza, joto na moshi vikawa vinampata mtu aliyeko juu mpaka ikabidi wabomoe na kujenga upya.

Sasa nifike kwenye kitu kinachonikosesha usingizi. Tarehe 31 Mei 1916 kwenye vita vya baharini vya Jutland kati ya Waingereza na Wajerumani, batlikruza za Waingereza Indefatigable, Queen Mary na Invincible zililipuka, watu zaidi ya 3,000 kwa mchana mmoja. Invincible waliopona ni 6. Watu wanasema bamba lilikuwa jembamba, ni kweli kwa sehemu, lakini Waingereza walikuwa wanaacha milango ya ghala wazi na kurundika baruti nje ili wapige harakaharaka, na baruti yao ilikuwa kwenye mifuko ya hariri. Moto ukiingia kwenye tareti unashuka moja kwa moja chini. Wajerumani walishaonja hilo kwa batlikruza yao Seydlitz Januari 1915, tareti mbili za nyuma ziliungua zikaua watu 159, wakabadilisha utaratibu, na Jutland Seydlitz ikapigwa vibaya mno ila ikarudi nyumbani. Lion nayo ilipona kwa sababu Meja Harvey, akiwa anakufa, aliamuru ghala lijazwe maji.

Kwahiyo kwenye mchoro wako chora lile shimo la kupandishia baruti kwa ukubwa wake, usiliache kama mstari. Katikati weka chumba cha kupokelea, baruti ibadilishe kipandishi hapo, isipande moja kwa moja. Milango iwe miwili na ifungane kwa zamu, mmoja ukifunguka mwingine haufunguki, hata mtu akiwa na haraka gani. Valvu ya maji ifunguliwe kutoka sehemu mbili, mojawapo nje ya tareti. Makombora weka 100 kwa kila mzinga, maana Falkland meli mbili zilimaliza zaidi ya 1,000, na hayo 800 ya kwako ni kama tani 309 kabla ya baruti.

Ukimaliza jumlisha tena uzito wote. Ukizidi 25,000, mi napunguza noti moja ya mbio, mashine inapungua na maboila kadhaa yanatoka. Ile milango haiguswi.