Kabla hujaiwasha kompyuta mpya nyumbani

Kama ni ya mezani na imetoka Kariakoo kwa basi mpaka huku Mbeya, usiichomeke usiku huohuo. Imetikiswa zaidi ya kilomita 800, imepanda mlima Kitonga ikiwa chini ya mabegi na magunia ya watu. Fungua ubavu wake, bonyeza RAM, vile vibao vya kumbukumbu, mpaka zikae sawasawa, angalia kama kuna waya uliochomoka. Kioo kikibaki cheusi, mara nyingi shida ni hapo tu, na fundi atakutoza kana kwamba amekutengenezea mashine nzima.

Stabilaiza ni lazima. UPS pia, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kama si laptop. Ekstensheni za kupanga barabarani waachie wanaochaji simu.

Ukinunua iliyotumika, kagua kibodi kabla hujatoa hela. Zilizotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, za Ufaransa A imekaa pa Q. Utazoea, ila watoto wakija kuandika kazi za shule mtagombana.

Uliza pia kizazi cha prosesa, ule ubongo wa kompyuta, usiridhike na "hii ni i7, mama". i7 ya kizazi cha nne ilitoka 2013. Windows 10 iliachwa na Microsoft wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kuanzia kizazi cha nane, TPM 2.0 (kifaa cha usalama cha ndani ya mashine), RAM isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64. Hiyo GB 4 ni ya kuwakia tu, wewe tafuta 8. Na usinunue yenye RAM ndogo ukijipa moyo kwamba utaongeza baadaye: mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipaa, maana viwanda vinakimbilia kuhudumia mitambo ya akili bandia, sisi wa kuandika barua tunabaki na makombo.

Bando nunua kubwa, kwa sababu siku ya kwanza itapakua masasisho mpaka ushangae. Ukipita kwenye mpangilio wa saa, usihangaike kutafuta Dar es Salaam, chagua Nairobi.

Sasa akaunti. Hapa nisikilize vizuri.

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama huku Uyole. Siku naichukua laptop yangu, kijana wa dukani akaniambia, "Mama, acha nikuwekee kila kitu, wewe kapate chai." Nikaenda kupata chai. Niliporudi inawaka, ina picha ya ziwa, ina Word, nikamshukuru na soda nikamnunulia. Nisichojua ni kwamba Windows ilimdai akaunti ya Microsoft, naye akatunga barua pepe palepale na kuweka namba yake ya simu. Nisichojua zaidi ni kwamba matoleo haya mapya, hasa kuanzia lile la 2024, ukiingia tu na akaunti hiyo yanaifunga diski yote kwa kufuli lisiloonekana, na ufunguo wake unatunzwa ndani ya akaunti hiyohiyo.

Miezi saba mambo yakaenda. Siku moja ikaomba kusasisha BIOS, ile programu ya ndani inayoiamsha mashine. Nikabonyeza ndiyo, nilishazoea kubonyeza ndiyo. Ikazima, ikawaka na kioo cha bluu kinachodai ufunguo wa tarakimu 48. Nikadhani wanataka nenosiri langu. Nikajaribu nenosiri, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu.

Nikarudi dukani. Kijana ameshahamia Tunduma, laini amebadilisha. Tulipompata kupitia shangazi yake, akasema kwa upole kabisa, "Mama, ile imeili hata mimi siikumbuki." Fundi wa Mwanjelwa akaitazama dakika mbili: "Hapa ni kufuta tu." Mahesabu yote ya kikoba yakaondoka. Tulikaa Jumapili tatu tukiyakusanya upya kutoka kwenye vitabu vya wanachama, vingine vimelowa mvua, vingine havina sahihi. Kuna mama mmoja mpaka leo ananijibu salamu kwa mkato kwa sababu ya elfu arobaini ambayo kitabu chake hakikuionyesha.

Kwa hiyo akaunti fungua mwenyewe, kwa namba yako, chai utakunywa baadaye. Ukimaliza, ingia kwenye akaunti yako kwa simu, tafuta ufunguo wa BitLocker, ndilo jina la lile kufuli, unakili kwenye daftari: makundi manane ya tarakimu sita sita. Mwombe mtu akusomee tena, tarakimu moja ikikosewa ni kazi bure. Daftari hilo liweke pamoja na hati ya kiwanja. Usiupige picha ukaihifadhi kwenye kompyuta hiyohiyo. Nimemwona mtu na digrii yake akifanya hivyo.

Halafu nunua flashi ya kweli, si ile ya TB 2 ya elfu kumi, na kila wiki hamishia kazi zako. Masasisho ya BIOS usiyaanze umeme ukiwa unakonyezakonyeza. Anayekupigia akisema kompyuta yako ina virusi, kata simu. Usiiweke dirishani, mvua za huku huja za ubavu. Na radi ikianza kunguruma upande wa Rungwe, usisubiri umalizie sentensi, chomoa.