Namna ya kumaliza ugomvi wa pwani kabla haujafika polisi

Ukikaa mashariki ya Unguja, Paje, Jambiani, Bwejuu huko, ugomvi wenyewe unaujua: kina mama wana mashamba ya mwani, majani ya baharini yanayofungwa kwenye kamba na vigingi, kijana wa kaiti, yule anayeteleza juu ya maji akivutwa na tiara, anapita juu ya kamba zao, boti ya watalii inang'oa vigingi, mvuvi analalamika njia ya ngalawa imezibwa, na hoteli haitaki mwani uanikwe mbele ya wageni. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza huku 1989 na wengi wanaolima ni wanawake, kwahiyo kamba zikikatika ni pesa ya skuli ya mtoto inakwenda na maji.

Sasa wengi wakitaka kusuluhisha wanakimbilia kuchora ramani, huku wako, huku wetu. Mimi nasema anzeni na saa. Pale pale mama anapoinama kufunga mwani maji yakiwa yametoka, baada ya masaa sita hivi yamejaa na boti inapita bila kugusa kitu, tena kazi kubwa ya mwani ni wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ila siku za maji mafu, maji yasipotoka sana, wengi wanakuwa nyumbani. Ila msiandike "marufuku saa tatu mpaka saa sita", maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku kwahiyo wiki ijayo sheria yenu haina maana. Andikeni kwa maji: maji yakiwa chini hakuna kaiti wala boti shambani, yakijaa piteni. Bandikeni jedwali la maji kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa), kwenye diko (wanaposhukia wavuvi) na mapokezi ya hoteli.

Kikao kiwe siku za maji mafu, tafadhali sana. Ukikiita asubuhi ya bamvua wenye mwani wako baharini, watakuja wanaume tu na watakubaliana kwa niaba ya watu ambao hawapo. Na hata wakija kina mama wape nafasi wazungumze wao kwanza, kabla ya meneja na kabla ya mwenyekiti wa wavuvi, maana wakubwa wakishasema wengine wananyamaza na mgogoro unarudi nao nyumbani.

Halafu wekeni maboya kwenye pembe za mashamba na kwenye njia ya vyombo, hata madumu matupu yaliyopakwa rangi yanatosha, mgeni hawezi kuheshimu shamba asiloliona.

Fidia ipangwe mapema, kamba moja shilingi ngapi, kabla hajaumia mtu. Uharibifu uhesabiwe siku ile ile, mashahidi wa pande zote wakiwepo, sheha aandike kwenye daftari. Mkisubiri kesho maji yameshafuta ushahidi wote.

Wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi pwani nyingine, msiwasahau, wanakuja msimu na kuondoka, wakifika tu kamati ya uvuvi iwapokee na iwaambie nyavu gani haziruhusiwi na wapi pamefungwa.

Makubaliano yapelekeni idara ya uvuvi yatambuliwe, vinginevyo hoteli ikibadilisha meneja karatasi yenu haina nguvu kwa mtu yeyote. Na mkae tena kila upepo unapogeuka, kaskazi ikiisha na kusi ikianza, kwasababu ndo wakati watu wa dago wanahama na vijana wapya wa kaiti wanaingia ambao hawakuwepo mlipokubaliana.