Mtoto aliyefariki kwenye mti wa ukoo: namna ninavyomwandika

Saa moja asubuhi mama alinipigia simu akaniuliza swali moja: "Nani amemtumia mwanangu salamu za siku ya kuzaliwa?"

Sikumwelewa mpaka aliponisomea. Tovuti ninayotunzia mti wa ukoo wetu ilikuwa imempelekea barua pepe yenye picha za puto, ikimkumbusha kwamba kaka yangu ametimiza miaka 50. Kaka yangu huyo aliishi siku nne, au ndivyo nilivyokuwa nimeambiwa. Mimi nilizaliwa miaka mitatu baada yake, na jina lake nililisikia kwa shangazi, si kwa mama. Nilimwingiza kwenye mti usiku mmoja nikiwa na haraka: nikaandika siku aliyozaliwa, ya kufa nikaiacha wazi nikitarajia kuithibitisha baadaye. Programu ikaona hana tarehe ya kifo, ikamhesabu yu hai.

Kusahihisha kulinichukua dakika moja. Mama alichukua wiki mbili kabla ya kuzungumza nami kama kawaida. Tangu hapo nimepitia kurasa za watoto kama 40, wa kwetu na wa watu walioniomba msaada, na haya ndiyo ninayofanya.

Anza na walio hai

Kabla sijafungua ukurasa najiuliza: nani aliye hai anaweza kuukuta na moyo ukamshtuka? Mzazi yupo? Basi ruhusa ni yake peke yake, hata kama shangazi, babu na binamu wote wanasema andika tu. Wazazi wamekwisha kufariki lakini ndugu wapo? Nawauliza ndugu, nikianza na yule aliyekuwa mkubwa wa kutosha kukumbuka msiba. Mtoto aliyezikwa miaka 150 iliyopita hana tena wa kuulizwa, lakini haimaanishi naweza kuandika lolote.

Usiulize kwenye kundi la ujumbe la ukoo. Nimeona mtu akiandika humo, "Jamani, yule mtoto wa dada aliyefariki aliitwa nani?" na dada mwenyewe yumo kundini. Muulize mtu ana kwa ana au kwa simu, siku isiyo na shughuli, na swali lako liwe na mlango wa kutokea. Mimi nilimwambia mama hivi: "Mama, naandika majina ya watoto wako. Kaka nimwandike, nisimwandike, au tuache kwanza? Lolote utakalosema ni sawa." Akikwambia "tuache kwanza", usirudi na swali lile lile mwezi ujao. Atakuja mwenyewe.

Mama alikuja baada ya miezi saba. Nitafika huko.

Mipangilio, ambayo watu huiruka

Hili ndilo lililoniponza, kwa hiyo nalikazia. Siku unayofungua ukurasa, weka alama ya "marehemu" hata kama tarehe ya kifo huijui. Karibu kila tovuti ina kisanduku hicho. Kisha ingia kwenye mipangilio ya arifa uzime vikumbusho vya siku za kuzaliwa na kumbukumbu za vifo, na uwaombe ndugu wengine waliomo kwenye mti wazime vya kwao, maana wewe ukizima vyako, vya mama vinabaki vimewashwa.

Halafu faragha. Wengi hudhani sheria itawalinda. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema wazi kwamba haiwahusu marehemu. Imeziachia nchi wanachama ziweke kanuni zao zikitaka. Tovuti nazo zina desturi iyo hiyo. Kwenye FamilySearch, mtu akishaandikwa kuwa amefariki anaingia kwenye mti wa pamoja ambao watumiaji wote wanauona na kuuhariri. Kwenye WikiTree, msimamizi anaweza kuufunga ukurasa wa marehemu wa karibuni, lakini aliyefariki zaidi ya miaka 100 iliyopita ukurasa wake lazima uwe wazi. Kwa hiyo chagua mahali kabla ya kuchagua maneno. Kama mzazi anataka mtoto awepo lakini asionekane na wageni, mti wa pamoja si mahali pake. Mweke kwenye mti wako wa faragha, au kwenye programu iliyo kwenye kompyuta yako tu.

Jihadhari pia unapohamisha mti kwa faili la GEDCOM, yaani mfumo ambao programu za ukoo hutumia kupeana taarifa. Mfumo huo una alama ya kuzuia, RESN, lakini si kila programu inayolipokea faili inaiheshimu. Nilishawahi kumpa binamu faili zima "alitazame tu", na jioni hiyo lilikuwa limepakiwa kwenye tovuti nyingine, na watoto wote wako hadharani. Siku hizi kabla ya kutoa faili nawaondoa kwanza wale ambao wazazi wao hawajaridhia.

Umri wake uandike kwa siku

Tovuti nyingi zikihesabu zenyewe zitakuandikia "umri: 0". Hakuna mzazi anayestahili kusoma hivyo. Mwanasayansi Charles Darwin na mkewe Emma walikuwa na binti aliyeitwa Mary Eleanor, aliyezaliwa tarehe 23 Septemba 1842 akafariki tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo. Ukiandika "miaka 0" umemfuta. Ukiandika "aliishi siku 23", msomaji anapata picha ya wiki tatu za mtoto kunyonyeshwa na kuamkiwa usiku. GEDCOM toleo la 5.5.1 lina hata maneno yake ya umri: INFANT kwa asiyefikisha mwaka, CHILD kwa aliye chini ya miaka minane, STILLBORN kwa aliyezaliwa mfu. Yanafaa kwa mashine. Kwenye wasifu hesabu siku, na kama zilikuwa saa, andika saa.

Aliyezaliwa mfu, na mimba iliyoharibika

Haya ni mambo mawili, na nayatenganisha kabisa.

Mtoto aliyezaliwa mfu nampa ukurasa iwapo wazazi wanataka, kwa jina walilompa. Kama hawakumpa jina, simbunii. Usitafute ushahidi wa kuandikishwa kana kwamba bila karatasi mtoto hakuwepo. England na Wales zilianza kuandikisha watoto waliozaliwa wafu mwaka 1927 tu. Na mpaka leo mpaka wenyewe haufanani: Shirika la Afya Duniani, linapolinganisha nchi na nchi, huhesabu kuanzia wiki ya 28 ya mimba, ilhali England na Wales huandikisha kuanzia wiki ya 24. Mtoto yule yule angekuwa na cheti huku, na kule asiwe nacho.

Mimba iliyoharibika mapema ni habari ya mwili wa mama, na mama ndiye mwenyewe. Akitaka ukurasa, nitamfungulia. Asiposema, sigusi, hata kama daftari la zahanati liko mkononi mwangu. Watu hunijibu kwa Malkia Anne wa Uingereza, ambaye wanahistoria wanahesabu mimba zake 17 na kuziorodhesha moja moja. Sawa, lakini bibi yako hakuwa malkia, na hakuna aliyekuwa akisubiri mrithi wa kiti cha enzi kutoka kwake.

Jina lililorudiwa

Hapa ndipo kompyuta huharibu zaidi. Wazazi wengi wa zamani walimpa mtoto aliyefuata jina la aliyetangulia kufa. Mchoraji Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853, mwaka mmoja kamili baada ya kaka yake aliyezaliwa mfu na kupewa jina hilo hilo. Mchoraji mwingine, Salvador Dalí, alizaliwa Mei 1904, miezi tisa baada ya kifo cha kaka yake, Salvador. Tovuti ikiona majina mawili sawa, wazazi wale wale na tarehe zinazokaribiana, itakushawishi uunganishe kurasa. Ukikubali, mtoto mmoja amezikwa mara ya pili.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote, tafuta ubatizo wa pili na maziko ya kwanza. Ukishathibitisha ni wawili, kataa pendekezo rasmi kupitia kitufe cha tovuti, kisha andika juu kabisa kwenye kurasa zote mbili: "Huyu si ndugu yake mwenye jina hili aliyezaliwa mwaka fulani. Tafadhali usiunganishe." Usiandike kamwe kwamba wa pili "alichukua nafasi" ya wa kwanza. Huenda wa pili yu hai, na huenda amelisikia neno hilo maisha yake yote.

Kuna pia watoto unaowajua kwa hesabu tu. Sensa ya Uingereza ya mwaka 1911 iliwauliza wanawake walioolewa wamezaa watoto wangapi walio hai, wangapi wangalipo na wangapi wamekufa. Sensa za Marekani za 1900 na 1910 ziliuliza swali linalokaribia hilo. Unaweza kukuta "wamezaliwa 9, wapo 6" na wewe unawajua sita. Usifungue kurasa tatu tupu zinazoitwa "Mtoto". Andika sentensi kwenye wasifu wa mama: "Alizaa watoto tisa, watatu walikwisha kufariki kufikia mwaka 1911, na majina yao bado yanatafutwa."

Sababu ya kifo

Karani aliandika alivyojua, na mara nyingine alivyohukumu. Vyeti vya zamani vya Kiingereza vimejaa "kuota meno" kama sababu ya kifo, na vingine vinasema mtoto "alilaliwa" na mama yake usingizini. Hilo la pili ni shtaka lililovaa nguo za utabibu. Vifo vya ghafla vya vichanga vilipewa jina lake la kitabibu mwaka 1969. Kabla ya hapo mama wengi walibebeshwa lawama. Nikikuta neno hilo, kwenye wasifu naandika "alifariki ghafla usiku", na maneno ya cheti nayaweka kwenye maelezo ya chanzo, ndani ya alama za kunukuu, na mwaka wake. Neno la kasisi kuhusu mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa nalo haliingii kwenye sentensi zangu.

Kama mtoto aliuawa au alijiua, wasifu unaanza na yeye: jina lake, nduguze, alichopenda kama kinajulikana. Kifo kinapata sentensi moja. Jina la muuaji halihitajiki kwenye ukurasa wa mtoto. Na kipande cha gazeti sikipakii. Nataja tarehe yake tu, anayekihitaji atakifuata.

Picha za mtoto akiwa maiti, ambazo zilipigwa sana karne ya 19, usiziweke kuwa picha kuu ya ukurasa. Hiyo ndiyo inayojitokeza kwenye matokeo ya utafutaji bila onyo.

Ukikuta mgeni ameshaufungua

Kwenye Find a Grave, tovuti ya makaburi iliyoanzishwa mwaka 1995, watu wa kujitolea hupiga picha makaburi na kufungua kurasa za watu wasiowajua kabisa. Wengi wana nia njema. Bado mzazi akikuta mwanawe anasimamiwa na mtu asiyemfahamu, huumia. Tovuti hiyo ina utaratibu wa kumhamishia usimamizi ndugu wa karibu anayeomba. Usianze kwa matusi, andika kwa ufupi: "Asante kwa kupiga picha kaburi. Mtoto huyu ni mdogo wangu. Naomba nikabidhiwe ukurasa wake, na kwa sasa naomba uondoe sababu ya kifo." Sentensi tatu zinatosha, huna haja ya kumsimulia msiba wako ili akuamini.

Na wewe ukiwa ndiye mgeni, kabidhi siku hiyo hiyo. Usidai cheti. Usimweleze mzazi kwamba taarifa zilikuwa hadharani tayari, anajua.

Mama alikuja jioni moja, akakaa kando yangu nikiwa kwenye kompyuta, akaniambia, "Nionyeshe ulipomwandika." Nikamfungulia. Akasoma polepole, kisha akagusa kioo kwa kidole. "Si siku nne. Alikufa alfajiri ya siku ya tano. Nilikuwa nimemshika." Nikafuta, nikaandika upya, yeye akitaja na mimi nikipiga herufi. Akanambia nisiongeze kitu.