Jinsi ya kulaza gari bandani nyumbani miezi mingi (na usikute panya kahamia)

Mdogo wangu kapata kazi Doha, mkataba wa kwanza miezi kumi, na gari yake, Toyota IST, hataki kuiuza. Jumamosi tumeshinda bandani hapa Tanga tunailaza, nikaona bora niandike kabisa maana kila anayesafiri ananiuliza maswali yaleyale. Mimi ni fundi umeme wa magari, kwa hiyo kwenye betri na waya nitaongea sana, mengine napita haraka.

1. Osha, tembeza, ndo uingize

Osha mpaka chini ya gari, sisi wa pwani chumvi inakula bodi kimyakimya. Ukimaliza usiipaki mbichi, itembeze kama nusu saa barabara kuu injini ipate moto vizuri, breki na ekzosi zikauke, na ukiwa njiani jaza tenki. Tenki likijaa hewa yenye unyevu inakosa pa kukaa.

2. Oili na kulanti

Mwaga oili uweke mpya KABLA hujasafiri, sio ukirudi. Oili iliyotumika ina asidi na uchafu, ukiiacha humo miezi kumi inakaa inakula vyuma. Injini ya 1NZ ya IST inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Na kwenye rejeta iwe kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kama umekuwa ukijaza maji ya bomba yamwage yote.

3. Tairi na hendibreki

Jaza upepo mpaka PSI 40 hivi badala ya 32, ila soma kwanza pembeni ya tairi mwisho wake ni ngapi. Kuna watu wanapandisha gari kwenye stendi, kwa miezi kumi mimi sioni haja.

Hendibreki usivute. Brekshuu zinagandia kwenye drami, ukirudi gari haisogei. Weka P, kisha tegesha vipande vya mbao mbele na nyuma ya tairi.

4. Betri

Hapa mdogo wangu akaniambia, "Kaka, si dogo atakuwa anaiwasha kila Jumapili dakika tano?" Hapana, hapana kabisa, na hili naomba mtu akiliacha lingine lote alishike hili. Kupiga stata kunakula umeme mwingi na dakika tano za silensa (injini inanguruma gari imesimama) hazirudishi, kwa hiyo kila Jumapili betri inapungua. Injini nayo haifikii joto lake, maji yanabaki kwenye oili na kwenye ekzosi, unaozesha mwenyewe ukidhani unatunza. Tena banda likiwa limefungwa moshi wa gari unaua mtu, hauna dalili ya kukushtua mpaka umeshalegea.

Fungua betri uitoe. Spana namba 10, anza na hasi, ule waya mweusi, kwa sababu ukianza na chanya spana ikagusa bodi umepiga shoti. Iweke ndani ya nyumba juu ya ubao, mahali pasipo na joto. Kila mwezi mtu aipime kwa mita: volti 12.6 imejaa, ikishuka chini ya 12.4 ipelekwe chaji. Betri ya asidi ikikaa imeisha inaganda chumvi ndani na hapo hata uchaji wiki nzima hairudi kama zamani.

Ila USITOE betri kabla hujasoma hatua ya 5!

5. Panya

Mwaka juzi niliitwa kwa jamaa aliyerudi safari, gari inapiga stata vizuri tu lakini haiwaki. Moto kwenye plagi upo. Pampu ya mafuta sisikii ikilia. Fyuzi nzima, rilei nimebadilisha, bado. Nikafuata waya kutoka kwenye boneti, nikafungua dashibodi nusu, asubuhi imekuwa adhuhuri na adhuhuri imekuwa alasiri, jua linazama ndo nikanyanyua kiti cha nyuma. Kiota kikubwa kama kofia, kimetengenezwa kwa sponji ya kiti na tishu za ndani ya dashibodi, maganda ya karanga yamejaa, na waya wa pampu umekatwa mahali pawili, shaba inang'aa. Kuunga waya kulichukua dakika ishirini!

Kilichoniuma sio waya, ni panya alivyoingia, maana vioo vilifungwa na milango ilifungwa. Alipita mbele chini ya waipa, pale hewa ya feni inapovutwa. Kwa hiyo kabla ya kutoa betri washa swichi, weka AC kwenye ile alama ya gari yenye mshale unaozunguka ndani. Kile kifuniko kinafunga njia ya hewa ya nje. Magari mengi kinasukumwa na mota, ukishatoa betri huwezi tena kukisogeza, ndo maana nimesema subiri.

Halafu ziba. Watu wanapenda kusokomeza stilwaya ya kusugulia sufuria kwenye bomba la hewa ya injini, mimi sikubaliani nayo, vipande vinakatika na ukiwasha vinavutwa kuelekea injini. Tumia wavu wa chuma wa matundu madogo, ule wa madirisha ya mbu wa chuma sio wa plastiki, ufunge kwa waya kwenye mdomo wa bomba la hewa, kwenye ekzosi, na pale chini ya waipa.

Sumu usiweke. Panya akila sumu anakwenda kufia ndani ya dashibodi, na harufu ile utaishi nayo. Weka mitego ukutani mwa banda, mtu aikague kila wiki. Magunia ya mahindi, pumba za kuku, chakula cha mbwa, vyote vitoke bandani. Boneti mimi naiacha wazi, panya anapenda penye giza na pamejificha, ila kwenye hili mafundi wenzangu tunabishana.

6. Ndani

Toa mazulia, biskuti za watoto, kila karatasi. Futa usukani na viti kwa kitambaa kikavu, jasho la mikono ndo fangasi wanapoanzia. Usifunike kwa turubai la nailoni, linafuga unyevu, shuka la pamba linatosha.

7. Karatasi kwenye usukani

Andika kwa kalamu nene: WAVU UPO SEHEMU TATU, BETRI IPO NDANI, UPEPO 40. Bandika kwenye usukani. Atakayewasha huenda sio wewe, na akiwasha na wavu kwenye ekzosi ni shughuli nyingine.

Ukirudi toa wavu, nyanyua kiti cha nyuma uangalie waya kwa macho, pima oili, rudisha betri ukianza na chanya, shusha upepo mpaka 32. Silensa ikicheza dakika chache usiogope, kompyuta inajifunza upya. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kutoka, ikizama mpaka chini usitoke. Mita mia za mwanzo utasikia diski zinakwaruza, ni kutu ya juu, nenda polepole ukikanyaga kidogokidogo mpaka mlio uishe.